Pipa Tupu Kutoka Jerez

Siku waliponiaga chuoni mwaka 2011, baada ya miaka 35 ya kazi ya ualimu, wanafunzi wangu wa zamani walinipa blanketi, jembe na chupa ya wiski. Blanketi na jembe nilivielewa mara moja. Chupa ilikuwa imeletwa na mmoja wao aliyekuwa amerejea kutoka Ulaya, na karatasi yake ilieleza kwamba kinywaji kile kilikaa miaka 12 ndani ya mapipa ya sheri. Kijana aliyeketi kushoto kwangu, mkufunzi wa hisabati, mzaliwa wa Pemba na mcha Mungu ambaye hajapata kuonja pombe maishani mwake, aliisoma karatasi ile mara mbili. Kisha akaninong'oneza: "Samahani, Mzee. Hiyo sheri ni mti wa namna gani? Unafanana na mvule?"

Wenzake waliosikia walicheka. Mimi sikucheka, kwani nimefundisha muda mrefu kiasi cha kulitambua swali zuri linapopita. Alijua kwamba pipa hutengenezwa kwa mti, hivyo pipa la sheri lazima liwe limetokana na msheri! Ukweli ni kwamba sheri si mti bali ni mvinyo. Pipa la sheri ni pipa la mwaloni lililowahi kuwekwa mvinyo huo, ukaondolewa, pipa likabaki tupu. Nilimjibu kwa maneno machache, maana mgeni rasmi alikuwa amekwisha simama kuhutubia. Jibu refu nilibaki nalo, nami naliandika sasa.

Tuanzie Hispania. Kusini kabisa mwa nchi hiyo, karibu na bandari ya Cádiz, uko mji wa Jerez de la Frontera, ambao mashamba yake ya mizabibu yana udongo mweupe wa chokaa. Watawala wa Kiislamu walioushika mji huo tangu karne ya 8 hadi mwaka 1264 waliuita Sherish, na kutokana na jina hilo Waingereza wakapata neno lao la sheri. Mvinyo wa hapo hutokana zaidi na zabibu nyeupe ziitwazo Palomino, kisha huongezwa pombe kali ili upate nguvu na usiharibike. Aina nyepesi, fino, hulala chini ya utando mweupe wa hamira ambao huuzuia usiguswe na hewa. Aina nzito, oloroso, huachwa iguswe na hewa miaka na miaka hata igeuke rangi ya kahawia na kunukia kama kokwa zilizokaangwa. Iko pia sheri tamu mno, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo, itokanayo na zabibu za Pedro Ximénez zinazoanikwa juani kabla ya kukamuliwa.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili. Neno letu pipa tulipewa na Wareno, majirani wa hao Wahispania, kama tulivyopewa nao neno mvinyo. Kwao pipa lilikuwa chombo cha mvinyo na tena kipimo chake, lita mia tano na ushei. Wareno walikuja pwani yetu na merikebu na mizinga, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, hatimaye wakafukuzwa, lakini pipa lao tukabaki nalo. Sisi tunawekea maji na mafuta ya taa, na pipa letu la leo ni la bati au plastiki, lakini jina ni lile lile la chombo ninachokizungumzia hapa.

Waingereza waliipenda sheri mno. Mwaka 1587 Francis Drake aliivamia bandari ya Cádiz, akachoma merikebu za mfalme wa Hispania, akaondoka na mapipa yapatayo 2,900 ya mvinyo. Miaka michache baadaye Shakespeare akamweka jukwaani mlevi wake Falstaff kuusifia mvinyo huo. Mapenzi hayo yaliendelea hadi kufikia kilele katika miaka ya 1870. Kumbuka, msomaji, kwamba wakati wote huo mvinyo haukusafirishwa ndani ya chupa. Ulisafirishwa ndani ya pipa zima, la mwaloni wa Marekani au wa Hispania, ukashushwa London, Bristol au Leith iliyo bandari ya Edinburgh, na mfanyabiashara wa huko ndiye aliyeutia katika chupa. Pipa lilipokwisha, lingefanywa nini? Kulirudisha Hispania likiwa tupu kulikuwa ni kulipia nauli ya hewa. Basi likauzwa kwa bei ya kutupa.

Mnunuzi alikuwa karibu. Waskoti walikuwa wakikeneka pombe ya shayiri tangu zamani. Daftari la hazina ya mfalme wao la mwaka 1494 linataja kimea alichopewa mtawa John Cor ili atengeneze maji ya uhai, kama ilivyoitwa wakati huo. Walakini tusidhani kwamba pombe hiyo ilikuwa wiski ya leo. Ilitoka katika mtambo ikiwa nyeupe kama maji, kali kama moto, ikanywewa hivyo hivyo, aghalabu kwa siri, maana ushuru ulikuwa mkubwa na magendo yalikuwa kazi ya nusu ya vijiji. Kwa hakika haikuwa mbali sana na gongo yetu. Sheria ya mwaka 1823 ilipopunguza ushuru, ndipo wengi walipokata leseni na kutoka mafichoni. Kiwanda cha Macallan, ambacho leo jina lake haliachani na mapipa ya sheri, kilipata leseni mwaka 1824, na kile cha GlenDronach kilianza mwaka 1826. Glenfarclas kimekuwa mikononi mwa ukoo mmoja tangu mwaka 1865.

Mtu mwenye leseni haogopi kuweka akiba. Alihitaji chombo, naye akachagua kilichokuwa rahisi kuliko vyote, yaani mapipa tupu yaliyorundikana bandarini. Hakuna aliyekaa mezani akapanga kwamba wiski ilazwe katika pipa la sheri ili iwe tamu. Walitafuta mahali pa kuiweka, basi. Baada ya miaka walipofungua wakakuta ile iliyoingia nyeupe imetoka nyekundu ya hudhurungi, ukali umepungua, na inanukia zabibu kavu na viungo. Wafanyabiashara wa Glasgow, kama W. P. Lowrie katika nusu ya pili ya karne ya 19, ndio walioanza kulifanya jambo hilo kuwa utaratibu badala ya bahati. Serikali ilichelewa kufika, kama kawaida yake. Sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda kuilaza wiski muda maalumu ilitungwa mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nayo ilitokana zaidi na hofu ya ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha kuliko kujali utamu wa kinywaji. Muda huo ukawa miaka 3, na ndio huo hadi leo.

Nimebahatika kuyaona mapipa hayo kwa macho yangu. Mwaka wa masomo 1983/84 nilipelekwa Edinburgh kusomea mafunzo ya ualimu, na likizo ya Pasaka mwenzangu mmoja darasani alinichukua kwao, katika bonde la mto Spey lenye viwanda vingi vya wiski kuliko mahali pengine popote Uskoti. Baba yake alikuwa fundi mapipa aliyekaribia kustaafu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono kama makasia. Alinitembeza karakanani siku nzima, nami nikastaajabu kwamba pipa la lita 500 halina msumari hata mmoja wala tone la gundi. Mbao zake hupashwa moto zikalegea, zikapindwa na kubanwa kwa pete za chuma, na kwenye maungio ya kifuniko hupachikwa matete makavu ili lisivuje, kama vile mafundi wetu wa majahazi wapigavyo kalafati.

Mzee yule alinieleza jinsi vijana wa karakana enzi zake walivyokuwa wakitia maji ya moto katika pipa lililotoka tu kumwagwa, wakalibingirisha, wakaliacha, kisha wakayanywa yale maji na kulewa sawasawa. Ilikuwa kosa kisheria, akaongeza, huku akionyesha wazi kwamba hakujuta. Ndipo nilipoelewa kwamba pipa tupu si tupu. Mbao hunyonya lita kadhaa za kile kilichokuwemo.

Na mti wenyewe nao haukai kimya. Wale waliosoma Biblia wanaikumbuka mialoni ya Mamre. Huu ni ukoo huo huo wa miti. Mwaloni wa Marekani huipa wiski harufu ya vanila na nazi. Mwaloni wa Ulaya una tanini nyingi zaidi, ndizo zinazokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, na huipa wiski rangi nzito na harufu ya viungo. Mbao zinapobabuliwa kwa moto hutoa kitu kiitwacho eugenoli, na kitu hicho ndicho kinachoifanya karafuu iwe karafuu. Hivyo mtu anaposema wiski ya pipa la sheri inanukia karafuu, hatumii tamathali ya usemi. Ni karafuu kweli, japo haikupita Pemba. Wajuzi wanaendelea kubishana kuhusu kiasi gani cha utamu hutokana na mvinyo na kiasi gani na mti, na wengi siku hizi wanaupa mti sehemu kubwa zaidi. Rangi peke yake isikudanganye, kwani sheria ya Uskoti inaruhusu kutia rangi ya sukari iliyoungua. Tena pipa la sheri lina aibu zake. Ili lisioze likiwa tupu, watu walizoea kuchoma kibiriti cha salfa ndani yake, na mara nyingine harufu hiyo huifuata wiski hadi kwenye glasi. Kila mwaka sehemu kama 2 katika 100 huvukia kupitia mbao na kupotea. Waskoti huita hiyo mgao wa malaika. Kwa ghala la mapipa maelfu, malaika hao ni wateja wakubwa!

Nilipomuuliza yule fundi kuhusu mapipa ya Hispania, alinyamaza kidogo. "Zamani yalikuja yenyewe," akasema. "Sasa itabidi tuyafuate."

Alikuwa anaona mbele. Unywaji wa sheri Uingereza ulianza kuporomoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 Hispania ikakomesha kuuza sheri yake kwa mapipa. Tangu hapo hutiwa chupani huko huko inakotengenezwa. Mlango uliotoa mapipa tupu kwa zaidi ya karne moja ukafungwa. Kwa kweli ulikuwa umeanza kurudishwa mapema zaidi. Marekani, katika miaka ya 1930, iliamuru wiski yake ya Bourbon ilazwe katika pipa jipya tu, ikimaanisha kwamba kila pipa huko hutumika mara moja na kuuzwa. Waskoti, watu wasiopenda kuacha kitu kipotee, wakageukia Marekani, na leo sehemu kubwa sana ya wiski yao hulala katika mapipa ya Bourbon. Wengine walijaribu njia ya mkato. Walichukua mapipa yaliyochoka, wakayashindilia kwa mgandamizo mvinyo mtamu mzito uitwao paxarete, ili yajifanye ya sheri tena. Mtindo huo nao ulikoma kuelekea mwisho wa miaka ya 1980.

Wale waliojenga jina lao juu ya sheri wangefanyaje? Jerez kwenyewe mapipa yako tele, yamepangwa ghalani safu juu ya safu, mvinyo mkongwe ukichanganywa na mchanga kwa utaratibu uitwao solera. Lakini hayo hayauzwi. Yamekaa miongo na miongo, mti wake umekwisha kutoa kila ulichokuwa nacho, na mwenyewe anayapenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hayaongezi ladha ya mti katika mvinyo wake. Basi viwanda vya wiski vikaenda msituni. Leo vinanunua mwaloni, vinawalipa mafundi wa Jerez kuunda mapipa mapya, kisha vinawalipa wenye mvinyo wayajaze sheri, mara nyingi oloroso, ikae mwaka mmoja na nusu au miwili. Baada ya hapo sheri inamwagwa, pipa linasafirishwa Uskoti likiwa tupu, na bei yake ni mara kadhaa ya pipa la Bourbon. Na ile sheri je? Haiendi mezani kwa mtu. Hutumika tena kulowesha mapipa mengine, na hatimaye hukenekwa au hugeuzwa siki.

Kwa miaka mingi pipa lilikuwa mtumishi wa mvinyo, na sasa mvinyo umekuwa mtumishi wa pipa. Wanalipia ule utupu uliokuwa ukitupwa bandarini.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilikasirika. Niliona ni ulaghai wa heshima, mtu kununua moshi ili aonekane amepika. Hasira hiyo ilinikumbusha jambo langu mwenyewe, nami sina budi kulisema.

Chuo nilichokiongoza kilikuwa na kengele ya rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ilianza kwa sababu hapakuwa na fedha za kengele. Mhudumu mmoja aliigonga kwa nondo kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku kwa zaidi ya miaka 20, na alikuwa na milio tofauti ya kuamka, ya chakula na ya hatari. Mwaka 1996 tukapata kengele ya umeme. Nikaamuru rimu ishushwe. Mhudumu akaja ofisini, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba aichukue nyumbani kwake. Nilimjibu kwamba ni mali ya Serikali. Ikauzwa kwa mnada pamoja na vyuma chakavu, na sahihi iliyo kwenye karatasi ile ni yangu. Alistaafu mwaka uliofuata na hakuja kuniaga.

Mwaka 2006, chuo kilipoadhimisha miaka yake, wahitimu wa zamani walinunua rimu nyingine mjini, wakaipaka rangi ya fedha na kuining'iniza pale pale. Niliwaambia wenzangu pembeni kwamba hayo ni maigizo. Rimu ile haikuwahi kumwamsha mtu yeyote. Kisha mmoja wao, mwalimu mkuu mwenye mvi, akachukua nondo na kuugonga mlio wa chakula, na watu wazima mia mbili wakageuka kwa pamoja kutazama upande wa bwalo.

Kwa hiyo kuhusu mapipa ya Jerez nimelegea, lakini si kabisa. Fundi anayeunda pipa hilo leo hafanyi maigizo; kazi yake ni ile ile niliyoiona kule Spey, na mti ni mti kweli. Kinachonisumbua ni maneno ya kwenye karatasi. Karatasi husema mapokeo ya miaka 200 bila kugeuka, ilhali pipa la babu yao lilikuwa limebeba mvinyo wa kunywewa, likakaa baharini na kwenye ghala la muuza mvinyo kwa muda ambao hakuna aliyeupima. La leo limeloweshwa kwa saa na kalenda. Sidhani ladha zake zinaweza kuwa sawa, na sioni ubaya wa kusema hivyo waziwazi. Wangeandika tu kwamba yale yaliisha, nasi tumegharamia haya, ningeinunua chupa yao kwa heshima zaidi.

Chupa yangu niliifungua mwaka 2013, yule mkufunzi wa hisabati aliponitembelea. Yeye alikunywa chai. Nilimimina kidogo katika glasi, nikamwomba anuse tu, kama hatajali. Alisogeza pua kwa tahadhari kama mtu anayechungulia kisima, akafumba macho. "Karafuu," akasema. "Na zabibu. Mzee, hii ni pilau ya Idi nyumbani kwa bibi yangu." Nami nilikuwa sijamwambia lolote juu ya eugenoli. Hapo ndipo nilipompa jibu refu la lile swali lake la mti, na maghribi ilitukuta bado tuko Cádiz na Francis Drake.

Iliisha taratibu, kwa muda wa miaka miwili. Siku nilipotaka kuitupa ile chupa, mke wangu alinikataza. Kioo kizuri namna hiyo hakitupwi. Aliisuuza kwa maji ya moto, akaianika juani, akatia humo asali aliyoletewa na ndugu zake kutoka Tabora. Baada ya mwezi jirani aliyegawiwa asali hiyo alirudi kuuliza ilitoka kwa nyuki wa wapi, maana ilikuwa na ladha asiyoifahamu.